Rufaa za Fidia ya Ulemavu wa Mkono na Vidole kwa Maveterani wa Jeshi la Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni kwa veterani wa jeshi la Marekani anayesoma Kiswahili, na kwa mke, mume au mtoto anayemsaidia kushughulikia makaratasi. Wakenya, Watanzania, Wakongo na wengine wa kwetu wamevaa sare za jeshi hilo. Baadhi yao waliingia kupitia MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wasio raia wenye lugha au ujuzi uliotakiwa, ulioanza kuandikisha mwaka 2009 na kukiweka Kiswahili kwenye orodha ya lugha zilizotakiwa. Namba za fomu na za misimbo ya jedwali la kukadiria ulemavu tumeziacha zilivyo, kwa kuwa ndizo utakazozikuta kwenye barua yako na kwenye va.gov, tovuti ya VA, yaani Idara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani.

VA wamenikatalia, au wamenipa asilimia ndogo. Nianzie wapi?

Usikimbilie fomu. Soma kwanza sababu walizoandika, kisha uitafute ripoti ya uchunguzi wa daktari waliyoitegemea. Barua ya uamuzi huieleza ripoti hiyo kwa sentensi mbili tatu tu, wakati kosa mara nyingi limo ndani ya ripoti yenyewe: pembe haikupimwa, swali la vipindi vya maumivu makali limeachwa wazi, au mkono mkuu, yaani ule unaoutumia zaidi, umeandikwa siyo. Ikiwa uchunguzi ulifanywa na kampuni ya mkataba, omba nakala kwa fomu 20-10206, au mwombe mwakilishi wako aitoe kwenye faili.

Dai lililokataliwa huwa limekosa moja kati ya mambo matatu: ugonjwa uliopo sasa, tukio au maradhi wakati wa utumishi, au kiungo cha kitabibu kati ya hayo mawili. Ikiwa limekubaliwa lakini asilimia haitoshi, ugomvi ni wa vipimo. Aliyekosa kiungo cha kitabibu akipeleka picha mpya za eksirei zinazoonyesha mkono umeharibika, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Nina muda gani wa kukata rufaa?

Mwaka mmoja, kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi. Tarehe ya wewe kuipokea haihesabiwi.

Ukichukua hatua ndani ya mwaka huo, unailinda tarehe ya kuanza kulipwa. Tuseme ulidai Machi 2023, ukakataliwa Novemba 2023, ukaleta ushahidi mpya Agosti 2024 na ukashinda 2025: malimbikizo kwa kawaida yanarudi hadi dai la Machi 2023. Ukichelewa, bado unaweza kuleta ushahidi mpya wakati wowote, lakini malipo yataanzia kwenye ombi hilo jipya. Kuchelewa siku moja tu kunaweza kukupotezea malimbikizo ya miaka.

Njia za rufaa ni zipi, na ipi inanifaa?

Tangu tarehe 19 Februari 2019, ilipoanza kutumika sheria mpya ya rufaa iliyopitishwa mwaka 2017, njia ni tatu.

Ya kwanza ni dai la nyongeza, fomu 20-0995. Linahitaji ushahidi ambao VA hawakuwa nao na unaogusa hoja iliyokufanya ukose: kipimo cha neva, barua ya daktari, maelezo ya mwenzako wa kikosi. Hapa VA wana wajibu wa kukusaidia kutafuta rekodi, na inapobidi kukupeleka kwenye uchunguzi mwingine. Kwa kesi za mkono hii ndiyo njia tunayoiona ikifaa mara nyingi zaidi, kwa sababu kasoro ya kawaida ni kipimo kinachokosekana.

Ya pili ni mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996. Ofisa mwenye uzoefu zaidi anaisoma faili upya, lakini kama ilivyokuwa siku ya uamuzi. Huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja. Inafaa pale ambapo ushahidi tayari umo na mkadiriaji, yaani ofisa wa VA anayepanga asilimia, ameuruka, au ametumia msimbo usio sahihi. Kwenye fomu kuna kisanduku cha kuomba mazungumzo ya simu na ofisa huyo. Kitie alama, kisha andaa hoja zako kwenye karatasi moja ukitaja ukurasa wa ripoti wenye kosa. Lengo la VA ni kumaliza mapitio haya kwa wastani wa siku 125. Ofisa akigundua kwamba VA hawakutimiza wajibu wao kabla ya uamuzi, kwa mfano uchunguzi ulikuwa pungufu, anairudisha kesi ili kosa lirekebishwe. Huwezi kuomba mapitio haya mara mbili mfululizo kwa uamuzi uleule, wala baada ya uamuzi wa Bodi.

Ya tatu ni Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182. Huko anayeamua ni jaji. Unachagua mstari mmoja: kusomwa faili kama ilivyo, kuongeza ushahidi ndani ya siku 90 baada ya Bodi kupokea fomu, au kusikilizwa na jaji, ambapo unaweza kutoa ushahidi siku ya kikao na katika siku 90 zinazofuata. Mstari wa kwanza ndio mfupi, na Bodi imejiwekea lengo la wastani wa siku 365. Miwili mingine huchukua muda mrefu zaidi. Nenda Bodi ukiwa na ubishi wa kisheria, au ukiwa umeshapita njia nyingine na ofisi bado imeshikilia msimamo wake.

Kifundo cha mkono kinakadiriwaje?

VA wanafuata jedwali la ukadiriaji lililomo kwenye kanuni za serikali kuu, juzuu la 38, sehemu ya 4. Kifundo kizima hukunjika nyuzi 70 kuelekea nyuma ya mkono, nyuzi 80 kuelekea kiganjani, nyuzi 45 kuelekea upande wa kidole cha mwisho na nyuzi 20 upande wa kidole gumba. Yule anayekupima anatakiwa kutumia goniometa, kile kipimapembe chenye mikono miwili. Kukadiria kwa jicho hakutoshi.

Msimbo 5215 unahusu kifundo kisichokunjika vya kutosha. Unatoa asilimia 10 ikiwa kukunja kuelekea nyuma hakufiki nyuzi 15, au kukunja kuelekea kiganjani kunaishia pale mkono unaponyooka sambamba na kigasha. Asilimia hiyo 10 ndiyo ya chini na ndiyo ya juu kabisa chini ya msimbo huo, kwa mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa.

Hapo watu wengi hupoteza miaka. Aliyekwisha kupewa asilimia 10 chini ya 5215 hawezi kupanda kwa kuthibitisha kwamba maumivu yamezidi. Mahakama ilisema hivyo mwaka 1997 katika kesi ya Johnston, ambayo ilihusu kifundo cha mkono. Milango iliyobaki ni miwili mikuu: kifundo kilichoganda kabisa, au tatizo jingine kwenye mkono huohuo linalostahili asilimia zake, kama vile neva, vidole au kovu.

Kifundo kilichoganda kinaangukia msimbo 5214. Kikiganda katika mkao mzuri, yaani kimeinuka nyuzi 20 hadi 30 kuelekea nyuma ya mkono, ni asilimia 30 kwa mkono mkuu na 20 kwa mwingine. Kikiganda kikiwa kimeinamia kiganjani kwa kiasi chochote, au kimepinda upande, ni 50 na 40. Mikao mingine ni 40 na 30. Kwa hiyo aliyefanyiwa operesheni ya kuunganisha mifupa ya kifundo ahakikishe ripoti inataja pembe ambayo kifundo kimefungwa. Ripoti inayosema tu kwamba kifundo kimeunganishwa inamwachia mkadiriaji abuni mkao.

Na vidole?

Hapa rula ndiyo inayoamua. Kwa kidole gumba, msimbo 5228, hupimwa nafasi inayobaki kati ya nyama ya ncha ya gumba na vidole vingine unapojaribu kuvigusa. Ikizidi sentimita 5.1 ni asilimia 20. Ikiwa kati ya 2.5 na 5.1 ni 10. Chini ya hapo ni sifuri.

Kwa kidole cha shahada au cha kati, msimbo 5229, unakunja kidole hadi mwisho wa uwezo wako, kisha inapimwa nafasi kati ya ncha na mkunjo wa kukingama wa kiganja, ule ulio karibu zaidi na kifundo. Ikifika sentimita 2.5 au zaidi, au kidole kikishindwa kunyooka kwa zaidi ya nyuzi 30, unapata asilimia 10.

Kidole cha pete na cha mwisho ndivyo vinavyoumiza watu moyo. Chini ya msimbo 5230, kukunjika pungufu kwa vidole hivyo kunapewa sifuri kwa kiwango chochote kile. Mwaka 2016, katika kesi ya Sowers, mahakama ilikataa kutumia kanuni ya maumivu (4.59, inayoelezwa hapa chini) kupata asilimia 10 kwa kidole cha pete, kwa kuwa msimbo huo hauna kiwango cha chini cha kulipwa. Ukiwa na tatizo kwenye vidole hivyo, usiweke tumaini lote kwenye ukunjaji. Uliza ikiwa ni neva ya ulna, inayolisha vidole hivyo, ikiwa kuna kovu linalouma, ikiwa kidole kilikatwa, au ikiwa ugumu wake unapunguza nguvu ya mkono mzima.

Nina ganzi na vidole vinachomachoma. Hiyo inapimwaje?

Ganzi inakadiriwa kama ugonjwa wa neva, na kwa kawaida asilimia zake huzidi za kiungo. Kwanza ijulikane ni neva gani. Neva ya kati, ambayo ndiyo hubanwa katika ugonjwa wa karpali taneli, hulisha gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Neva ya ulna hulisha kidole cha mwisho na nusu nyingine ya cha pete, na aghalabu hubanwa kwenye kiwiko. Ripoti ikisema neva ya ulna wakati ganzi yako iko kwenye gumba na shahada, hilo ni kosa la kulitaja kwenye rufaa.

Neva ya kati iko kwenye msimbo 8515. Ikiathirika kidogo ni asilimia 10 mkono wowote. Kwa kiasi cha kati ni 30 kwa mkono mkuu na 20 kwa mwingine. Kwa ukali ni 50 na 40, na ikipooza kabisa ni 70 na 60. Neva ya ulna, msimbo 8516, ni 10 ikiwa kidogo. 30 na 20 kiasi cha kati. 40 na 30 kwa ukali. 60 na 50 ikipooza kabisa.

Kanuni inasema kwamba neva ikiathiri hisia peke yake, bila nguvu za msuli, kiwango kiwe kidogo au cha kati basi. Kwa hiyo mtu anayedondosha vikombe na kushindwa kufunga vifungo vya shati, lakini akamwambia daktari “ninasikia ganzi” tu, amejifungia ngazi za juu mwenyewe. Mwombe daktari wako apime na kuandika: nguvu ya kukamata kwa dainamomita (kifaa cha kupima nguvu ya mkono), mikono yote miwili, nguvu ya kubana kwa gumba na shahada, umbali mdogo kabisa ambao ncha mbili zinazogusa ngozi zinahisiwa kama mbili, na ikiwa msuli ulio chini ya gumba umenywea ukilinganishwa na wa upande wa pili. Hayo ni mambo yanayoonekana na kupimika, na ni vigumu kuyapuuza.

Kitu kingine: kipimo cha umeme wa neva kinaweza kuandikwa na maabara kuwa tatizo ni “dogo”. Neno hilo la maabara haliwafungi VA. Wanatakiwa kutazama mkono unavyofanya kazi kwa jumla.

Maumivu ninayo, lakini eksirei ni safi. Nitapata kitu?

Ndiyo, inawezekana. Katika kesi ya Saunders ya mwaka 2018, mahakama ya rufaa ya serikali kuu ilikubali kwamba maumivu yanayopunguza uwezo wa kufanya kazi yanaweza kuwa ulemavu hata kama ugonjwa wenyewe haujapewa jina. Tena kanuni ya 4.59 inasema kiungo kinachouma kikisogea kinastahili angalau kiwango cha chini cha kulipwa cha kiungo hicho. Kwa kifundo cha mkono hiyo ni asilimia 10, hata kama kinakunjika vizuri. Tukiona barua iliyotoa sifuri kwa kifundo, huku ripoti yenyewe ikikiri kuna maumivu wakati wa kusogeza, tunashauri mapitio ya ngazi ya juu mara moja. Ushahidi tayari umo.

Siku ya uchunguzi nifanye nini?

Nenda. Ukikosa bila sababu nzuri katika dai la nyongeza au la kuongezewa asilimia, kanuni inaruhusu likataliwe papo hapo. Ukipata dharura, piga simu kabla ya siku na uandike jina la uliyeongea naye.

Wakati wa kupimwa, sema “hapa” pale maumivu yanapoanza. Usikaze meno ukafika mwisho ndipo useme. Jeshi lilikufundisha kuvumilia, na uvumilivu huo ndio unaowafanya wapimaji waandike kwamba unakunja mkono bila shida. Lakini usiigize pia: anayeshindwa kukunja mkono mbele ya daktari kisha akabeba mkoba kwa mkono huohuo mlangoni atakuta hilo limeandikwa.

Beba banzi au mshikizo unaouvaa. Taja dawa unazotumia, kiasi na saa uliyomeza ya mwisho. Eleza vipindi vya maumivu makali kwa namba: mara ngapi kwa mwezi, vinadumu saa au siku ngapi, nini kinavianzisha, na mkono hufanya nini wakati huo. “Mara tatu kwa mwezi, siku mbili kila mara, siwezi kugeuza ufunguo wala kushika usukani” ina uzito kuliko “huwa unauma sana”. Ukitoka, kaa chini siku hiyohiyo uandike mambo yaliyopimwa, yasiyopimwa na muda uliotumika.

Kasoro gani katika ripoti zinafaa kuwa hoja ya rufaa?

Zipo zinazojirudia. Kiungo hakikupimwa kikisogezwa na wewe na pia na daktari, kikiwa na mzigo na bila mzigo, wala hakikulinganishwa na mkono mzima. Kesi ya Correia ya 2016 inadai hayo yote, isipokuwa daktari aeleze kwa nini hayawezekani. Mpimaji ameandika kwamba hawezi kusema uwezo unapungua kiasi gani wakati wa maumivu makali kwa kuwa hakuyaona. Kesi ya Sharp ya 2017 inamtaka akadirie kwa kutumia maelezo yako na rekodi zilizopo. Au ametoa maoni kwamba tatizo halitokani na jeshi kwa sababu moja tu, kwamba rekodi za jeshini hazilitaji, bila kugusa maelezo uliyotoa. Hoja hiyo ya mwisho ilishakataliwa katika kesi ya Dalton ya 2007.

Rekodi zangu za jeshini hazionyeshi jeraha. Nimekwama?

Hapana, ila utahitaji kazi zaidi. Kwanza zitafute vizuri: rekodi kamili za afya huombwa kwa fomu SF-180, na za zahanati za kambini wakati mwingine hukaa mbali na faili kuu. Tafuta pia kwa majina mengine. Mfupa wa skafoidi, ulio upande wa gumba, huvunjika mtu anapoanguka akijikinga kwa kiganja, na mpasuko wake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya siku za kwanza. Askari anaambiwa ameteguka, anafungwa bandeji na kurudishwa kazini. Usipounga, kifundo huanza kulika, na baridi yabisi hujitokeza miaka baadaye. Kwa hiyo neno “kuteguka” la mwaka 2008 linaweza kuwa ndilo tukio unalolitafuta, na daktari wa mifupa anaweza kueleza uhusiano huo.

Pili, leta mashahidi. Fomu 21-10210 ni ya maelezo ya mtu wa kawaida. Mwenzako wa karakana aliyekuona ukizungusha spana kwa mkono uliofungwa, au mkeo aliyeanza kukufungulia chupa uliporudi, wanaruhusiwa kusema walichokiona. Waandike tarehe, mahali na tendo. Wasiandike jina la ugonjwa. Hilo ni la daktari.

Ukiwa na baridi yabisi iliyofikia kiwango cha asilimia 10 ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha jeshi, na ulitumikia angalau siku 90, sheria huchukulia kwamba ilitokana na utumishi.

Barua ya daktari iweje ili iwe na uzito?

Isome rekodi na iseme imezisoma. Itaje ugonjwa. Iseme kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba unatokana na utumishi, kisha ieleze kwa nini. Barua inayosema “huenda” au “yawezekana” hukataliwa kwa kuwa ni ya kubahatisha. Na barua yenye hitimisho bila sababu haina nguvu hata ikisainiwa na bingwa. Kesi ya Nieves-Rodriguez ya 2008 iliweka uzito kwenye sababu. Kwa veterani wa ufundi wa magari, kwa mfano, daktari aeleze miaka ya kutumia vifaa vya kutetemesha mkono, dalili zilianza lini, na ikiwa kuna kisukari, tatizo la tezi ya shingoni (thairoidi) au kazi ya baada ya jeshi, kwa nini hivyo havitoshi kueleza ugonjwa. Kunyamazia sababu nyingine ni kumwachia mpimaji wa VA azitumie dhidi yako.

Daktari wako anaweza pia kujaza fomu za uchunguzi za VA zilizo wazi kwenye tovuti yao. Ziko tofauti kwa kifundo, kwa mkono na vidole, na kwa neva.

Je, ugonjwa wa mkono unaweza kutokana na ulemavu mwingine nilionao?

Unaweza, chini ya kanuni ya 3.310. Kisukari kilichokubaliwa tayari kinaweza kuharibu neva za mkono. Kutembelea mkongojo kwa sababu ya goti kunaweza kubana neva ya kati. Si lazima ulemavu wa kwanza uwe umesababisha wa pili. Kuuzidishia pia kunatosha, na barua ya daktari ijibu maswali yote mawili.

Chunguza shingo. Neva zinazobanwa shingoni huleta ganzi hadi vidoleni, na kipimo cha umeme husaidia kujua tatizo liko wapi. Watu wengine wana yote mawili kwa pamoja.

Mimi hutumia kushoto, lakini wameandika kulia. Ina maana?

Ina maana ya pesa. Neva ya kati ikiathirika kwa kiasi cha kati, tofauti ni asilimia 30 au 20. Mkono mmoja tu huhesabiwa kuwa mkuu, kwa ushahidi uliopo au kwa kupimwa. Kwa anayetumia yote miwili sawasawa, ule ulioumia, au ulioumia zaidi, ndio mkuu.

Mikono yote miwili imeathirika. Asilimia zinajumlishwaje?

Hazijumlishwi moja kwa moja. Tuseme una 30 kulia na 20 kushoto. Unaanza na 30, zimebaki 70 za uzima, asilimia 20 ya 70 ni 14, jumla 44. Kwa kuwa ni viungo vya pande mbili, inaongezwa sehemu ya kumi ya hiyo 44, yaani 4.4, na unafika 48.4, inayokuwa 48 na kukadiriwa hadi 50. Bila nyongeza hiyo, 44 ingeshuka hadi 40. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Desemba 2024, mtu asiye na wategemezi kwenye asilimia 40 alipata dola 774.16 kwa mwezi, na kwenye 50 dola 1,102.04. Kagua hesabu hii kwenye barua yako.

Nimefanyiwa operesheni. Kuna la ziada?

Kanuni ya 4.30 inatoa asilimia 100 ya muda, kuanzia mwezi mmoja, ikiwa operesheni ya ulemavu uliokubaliwa ilihitaji angalau mwezi wa kupona. Daktari aandike muda huo wazi. Kovu linalouma nalo hukadiriwa peke yake: moja au mawili ni asilimia 10 chini ya msimbo 7804. Na uwezo uliobaki mkononi ukiwa haupiti ule ambao ungepatikana kwa mkono bandia, uliza kuhusu kupoteza matumizi ya mkono, msimbo 5125: asilimia 70 au 60, pamoja na malipo maalumu ya kila mwezi.

Naishi Nairobi au Dar es Salaam. Naweza kudai?

Unaweza. Fidia hulipwa popote unapoishi na haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani. Madai ya wanaoishi Afrika hushughulikiwa na ofisi ya VA ya Pittsburgh. Uchunguzi unaweza kupangwa katika nchi uliyopo, kwa hiyo VA wawe na anwani na simu inayopatikana. Rekodi za Kifaransa kutoka Bukavu au Bujumbura zipeleke na tafsiri ya Kiingereza. Ukiiacha kazi hiyo kwa ofisi unaongeza kusubiri. Matibabu ya ulemavu uliokubaliwa yanaweza kugharimiwa na mpango wa VA wa matibabu nje ya nchi, ambao unajisajili mwenyewe.

Nimlipe mtu anisaidie?

Vyama vya maveterani vilivyoidhinishwa, kama Disabled American Veterans, Veterans of Foreign Wars na American Legion, vinasaidia bila malipo. Unawateua kwa fomu 21-22. Wakili au wakala aliyeidhinishwa huteuliwa kwa fomu 21-22a na anaweza kudai ada baada ya uamuzi wa kwanza tu. Ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki. Inayopita theluthi moja huchukuliwa kuwa si ya haki. Mtu asiye na idhini ya VA anayekutaka umlipe kuandaa dai la kwanza, au umkatie sehemu ya malipo yako ya kila mwezi, anavunja sheria. Jina la kila aliyeidhinishwa hupatikana kwenye tovuti ya VA. Litafute kabla ya kusaini.

Nikikata rufaa wanaweza kunishushia?

Mambo ambayo VA wameshayakubali kwa faida yako yanawafunga katika hatua zinazofuata, isipokuwa kukiwa na kosa la wazi. Kuteremsha asilimia kuna taratibu zake, na kiwango kilichodumu miaka 5 au zaidi kinahitaji ushahidi wa nafuu ya kudumu. Hata hivyo, kabla ya kurusha rufaa kwa kiwango kipya kabisa, linganisha ripoti yako na jedwali. Ikiwa tayari una zaidi ya vinavyoonekana kwenye vipimo, ongea na mwakilishi kwanza.

Bodi nayo imekataa. Imeisha?

Bado. Una siku 120 tangu tarehe ya uamuzi wa Bodi kwenda Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani, iliyoko Washington. Ada ya kufungua ni dola 50, na inaweza kusamehewa kwa asiye na uwezo. Mahakama haipokei ushahidi mpya. Inatazama kama Bodi ilifuata sheria na kutoa sababu za kutosha. Kama unachokosa ni kipimo au barua ya daktari, dai la nyongeza ndani ya mwaka mmoja wa uamuzi wa Bodi linakufaa zaidi, na tarehe yako ya awali inabaki salama.